Rangi ya Mount Gelai

Nyekundu hufa kwanza. Hilo nililijua kabla sijaligusa gari la moshi, maana brashi nilianza kuishika ufukweni: majina ya mashua Gazi na Shimoni, kisha vibao vya hoteli Diani wakati watalii walipoanza kuongezeka. Buluu ukiipaka inakaa. Nyeusi inapauka, lakini jina linasomeka. Nyekundu ya bei ya chini, kaskazi mbili tu imeshageuka waridi, na mwenye mashua anakujia nyumbani akidhani umeitia maji rangi aliyokulipia. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilipoambiwa nisaidie kuitafuta rangi ya asili ya injini kubwa iliyosimama kwenye uwanja wa Makumbusho ya Reli, Nairobi, nilisema neno moja kabla ya kufungua mkebe wowote: hiyo mnayoiona siyo.

Walicheka. Kijana wa Msambweni, mahali ambapo reli haijafika hata leo, anataka kuwafundisha wenye reli rangi ya treni yao.

Na kweli haijafika. Ukishavuka Likoni kuja kusini, Waa, Tiwi, Ukunda, hadi Lungalunga, hutasikia honi ya treni. Watu wa Kwale wanaoijua reli ni wale wa upande wa bara, Kinango, ambako njia inakata nyika ya Waduruma: Samburu, Taru, Mackinnon Road. Sisi wa pwani tulikuwa tukiisikia kwa wajomba waliofanya kazi Mombasa. Mjomba wangu mmoja ndiye aliyenipeleka, akanitafutia nafasi ya kupaka mabehewa, na baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa karakana kuu ya Nairobi. Nilipoingia mwajiri wetu alikuwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na mwaka uliofuata tukawa watu wa Kenya Railways, kwa ovaroli zilezile.

Injini yenyewe ilikuwa Garratt namba 5918, jina lake Mount Gelai. Kwa asiyewahi kuiona Garratt, afikirie injini mbili zilizopeana migongo, moja mbele na moja nyuma, na boila moja kubwa imening'inizwa katikati yake juu ya maegemeo mawili, ili kitu kizima kiweze kujipinda kwenye kona. Mbele tangi la maji, nyuma maji tena na mafuta mazito ya kuchomea. Ubunifu ulikuwa wa Mwingereza Herbert William Garratt, aliyeupatia hati mwaka 1907, na walioitengeneza hii yetu ni Beyer, Peacock wa Manchester. Reli ya Kenya na Uganda ilianza kutumia Garratt mwaka 1926. Lakini hizi za daraja la 59, zilizoletwa 1955 na 1956, zilikuwa 34 kwa jumla na kila moja ilibeba jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzito wake tani 252. Urefu unapita mita 31. Zilipandisha treni ya tani 1,200 kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, na hakuna injini ya mvuke ya njia ya mita moja duniani iliyozishinda nguvu.

Kufikia wakati ninaousimulia, kazi yao ilikuwa imekwisha. Dizeli zilikuwa zimechukua njia. Kati ya zile 34, mbili tu ndizo zilizosalimika na tanuri la vyuma chakavu: Mount Gelai na Mount Shengena. Nimewahi kuitafuta milima hiyo kwenye ramani. Gelai uko karibu na Ziwa Natron, mita 2,942. Shengena uko Upare, kusini, mita 2,462. Yote miwili iko Tanzania. Mount Kenya na Mount Elgon zilikatwakatwa, na tulizobaki nazo Nairobi ni milima ya jirani, baada ya sisi na jirani kugawana vyombo kwa hasira.

Makumbusho yalikuwa yamefunguliwa mwaka 1971, na mtu aliyeyaasisi ni Fred Jordan, aliyeingia reli tangu 1927. Yeye alikuwa na jicho la kujua kitu gani kisitupwe. Ndiko lilikokuwa lile behewa ambamo Charles Ryall alitolewa na simba pale Kima mwaka 1900, na watoto wa shule walikuwa wakilikimbilia hilo, wanachungulia dirisha, wanapiga mayowe, wanaondoka bila hata kuitazama Garratt. Sikuwalaumu. Simba ana hadithi, rangi haina.

Tuliokuwa tukikutana Jumamosi kuishughulikia hatukuwa wengi, wala hatukuwa na jina la chama. Alikuwapo Sardarji, fundi wa boila aliyekwisha kustaafu, mikono yake imejaa makovu ya mvuke. Alikuwapo karani mmoja Mgoa aliyekuwa akituletea chai kwenye chupa na kuandika kila kitu daftarini, hata idadi ya vipande vya msasa. Fitta Mjaluo kutoka Kisumu, mcheshi, hodari wa kufungua skrubu zilizoganda. Na kijana Mzungu, mwalimu, aliyependa injini kuliko walivyozipenda waliozifanyia kazi. Mshahara haukuwapo. Nauli kila mtu alijilipia. Mimi pekee ndiye niliyekuwa bado kazini reli, na nilikwenda kwa sababu nilichoshwa na kupaka mabehewa ya mizigo rangi moja wiki nzima.

Walichotaka kilisemeka kwa urahisi: Mount Gelai ipakwe upya, kwa damu ya mzee ileile iliyotoka nayo. Rangi iliyokuwapo juu ilikuwa imekufa. Upande uliotazama jua la mchana ulikuwa wa tofali. Upande wa pili ulikuwa mweusimweusi kwa masizi. Karibu na kibanda cha dereva kulikuwa na viraka vya rangi nyingine kabisa, vya fundi fulani aliyefunika kutu kwa chochote alichokikuta kwenye mkebe. Ukimuuliza kila mmoja wetu rangi halisi ni ipi, alikuwa na jibu, na anaapa.

Sardarji alisema nyekundu nzito, karibu na nyeusi. Karani alisema hapana, iling'aa, ilikuwa na uekundu wa divai. Mjaluo akasema yeye alikuwa chini ya injini miaka yote, rangi aliyoiona ni ya grisi.

Kijana Mzungu alileta ushahidi wake: slaidi za picha alizokusanya kwa wapenda reli, na jioni moja tukakaa kwenye chumba chenye giza tukaziangalia ukutani. Picha ya kwanza, injini ilikuwa ya zambarau. Ya pili, kahawia. Ya tatu ilikuwa nyekundu hasa, ya kupendeza, na kila mtu akasema ndiyo hiyo! Nikawauliza kwa nini anga kwenye picha hiyo ni ya waridi. Filamu nazo zinazeeka, kila aina kwa njia yake. Nyingine hupoteza buluu, nyingine hupoteza manjano, na hata iliyotunzwa vizuri inategemea taa iliyoko ndani ya projekta. Picha inaweza kukuambia herufi ilikaa wapi na skrubu ngapi zilishika kibao. Rangi usiiulize.

Basi tukarudi kwenye chuma.

Njia ya kazi hii, ambayo nilifundishwa na mzee mmoja wa karakana, ni kuchagua mahali pasipoonekana sana na kusugua kwa msasa wa maji, polepole, kwa kuzungusha, katikati uzame zaidi na pembeni uache. Ukimaliza unapata miduara, mmoja ndani ya mwingine, kama maji ya kisima yaliyoangukiwa na kokoto. Kila duara ni koti moja. Katikati kabisa ni chuma kitupu. Kisha praima nyekundu, kisha andakoti ya kijivu, kisha damu ya mzee ya kwanza, kisha uzi mwembamba wa manjano-kahawia ambao ni vanishi, kisha uzi mweusi, ambao ni masizi yaliyofungiwa ndani siku ilipopakwa tena bila kuoshwa vizuri. Halafu damu ya mzee nyingine. Halafu nyingine. Hesabu ya makoti haikuwa sawa kila mahali. Tangi la mbele lilikuwa na historia yake na kibanda kilikuwa na yake.

Vumbi lile la praima lilikuwa na risasi ndani yake, na sisi tulijifunga leso puani. Leo mtu akinionyesha fundi anasugua rangi ya zamani bila barakoa nitamfukuza.

Sehemu niliyoitegemea zaidi ilikuwa nyuma ya vibao vya jina. Vilikuwa vya shaba, vizito, na chini yake jua halikuwahi kuingia tangu vilipofungwa. Mjaluo alihangaika na skrubu, akitia mafuta, akingoja, akigonga, akizitukana kwa lugha tatu. Kibao kilipotoka, pale chini palikuwa na mstatili wa rangi mbichi, nzito, yenye kina, ambayo upande wote wa injini haukuwa nayo. Karani alifunga daftari. Kwake kazi ilikuwa imekwisha.

Nikamwambia bado. Rangi za zamani zilichanganywa na mafuta ya kitani, na mafuta ya kitani yakifungiwa gizani hugeuka manjano. Jua linaua unga mwekundu, lakini giza nalo linaharibu mafuta. Kwa hiyo ubavu uliokaa nje ulitudanganya kwa upande mmoja, na mstatili uliokaa gizani ulitudanganya kwa upande mwingine. Dawa ni kuuacha mstatili ule uone mwanga kwa muda, siku kadhaa, manjano ipungue, ndipo uulinganishe. Hawakunipenda siku hiyo. Kibao kikawekwa ofisini, tukangoja.

Tulipoanza kuchanganya, tulikuwa na kadi ya rangi za viwango vya Kiingereza, ile iliyotumika reli, jeshi, kila mahali. Namba 540 inaitwa kirimzoni, 541 ni maruni. Kwa macho yetu injini ilikuwa jirani na 541, lakini siyo yenyewe. Ilitaka joto kidogo. Hapo ndipo kila mtu anakuwa fundi. Kijana mmoja mwanagenzi, aliyekuja kusaidia, aliona mchanganyiko wangu ni mzito mno, akachota nyeupe atie. Nilimshika mkono. Nyeupe ni adui wa damu ya mzee. Ukiitia, rangi haiwi angavu, inakuwa ya chokaa, inafanana na ufizi. Ukitaka kuinyanyua nyekundu nzito unatia nyekundu nyingine ya machungwa, tone, unakoroga, unapaka kwenye bati, unangoja ikauke, maana rangi mbichi na rangi kavu si moja. Ndipo unatazama.

Na unatazama wapi? Ndani ya karakana kulikuwa na taa za mrija. Bati langu lilipowekwa kando ya kifuniko cha injini tulichokiingiza ndani, chini ya taa zile, lilipotea kabisa, usingejua wapi bati na wapi kifuniko. Tukashangilia. Tukalipeleka nje juani, kwenye sehemu iliyosuguliwa, likaonekana kama limebandikwa na adui. Unga wa rangi uliotumika Manchester haukuwa ule niliokuwa nao mimi, na rangi mbili za unga tofauti zinaweza kukubaliana chini ya taa moja na kugombana chini ya nyingine. Kuanzia siku hiyo nikakataa kulinganisha kitu ndani ya nyumba. Tulifanya asubuhi, upande wa kivuli, injini ikiwa imelowanishwa maji, maana maji yanarudisha kwa dakika chache ule mng'ao ambao vanishi iliyokufa imeuondoa.

Nitoke njiani kidogo, kwa sababu ya ile nyeupe. Siku zile sikuwaza inatoka wapi. Nyeupe ilitoka kwenye mkebe. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2013, mgodi ulianza kuchimba mchanga wa Maumba na Nguluku, huku kwetu Kwale, watu wakahamishwa mashamba yao, minazi na mikorosho ikang'olewa. Mchanga ule mweusi, ilmenaiti na rutaili, ulipelekwa kwa malori hadi Likoni ukapakiwa melini kwenda ng'ambo, na kazi kubwa ya ilmenaiti duniani ni kutengeneza unga mweupe wa rangi. Mchimbaji alimaliza mwishoni mwa 2024. Nusu ya maisha yangu nimenunua nyeupe kwa bei ya ng'ambo, na malighafi yake ilikuwa imelala chini ya minazi ya jamaa zangu. Wenye mahesabu wataeleza mrabaha ulikwenda wapi. Mimi ni mpakaji.

Kabla hatujakubaliana juu ya rangi nilichukua likizo, nikaja nyumbani na vipande vitatu vya bati vilivyopakwa: kimoja chepesi, kimoja cha katikati, kimoja kizito. Nilivitundika nje ya nyumba, Msambweni, upande wa bahari, nione jua letu na chumvi vitasema nini. Mama aliniuliza kama reli imeanza kunilipa kwa mabati. Cha katikati kilinipendeza. Lakini sikuwa nimekuja kwa ajili ya bahari tu. Mjomba alikuwa ameniambia habari za mzee mmoja Mduruma, faiamani wa zamani wa Garratt, ambaye baada ya kustaafu alirudi kwao karibu na Mackinnon Road. Nikapanda basi.

Anayepita barabara ya Mombasa ameuona msikiti ule kando ya reli, wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah. Alikuwa miongoni mwa waliokuja kujenga reli, na husimuliwa kwamba wenzake waliliona karai lake likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Mpaka leo wasafiri husimama, wakaomba dua, wakaacha sadaka, Waislamu kwa wasio Waislamu. Mahali penyewe pamebeba mengi: baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walijenga hapo ghala kubwa la kijeshi, na wakati wa hali ya hatari likawa kambi ya kizuizi. Mzee nilimkuta nje ya msikiti baada ya Adhuhuri, amekaa na wenzake, kofia imepauka.

Nilimwamkia, nikajieleza. "Shikamoo mzee. Mimi ni mtoto wa Msambweni, nafanya kazi reli, rangi."

"Marahaba. Mdigo na reli wapi na wapi?" Wenzake wakacheka. Watani, lazima waseme.

Nikatoa mabati yangu matatu, nikayapanga chini kwenye vumbi. Nikamuuliza Mount Gelai ilikuwa ipi kati ya hizi.

Hakuyashika. Aliyatazama, akanitazama. "Hakuna."

"Hata hii ya katikati?"

"Hiyo ni rangi ya dukani, mwanangu. Yetu ilikuwa na mafuta."

Akaeleza. Garratt za daraja hilo zilikuwa na watu wake. Dereva alipewa injini yake na aliiona kuwa mali yake. Mount Gelai ilijulikana njia nzima kwa dereva Kirpal Singh, Kalasinga aliyekipamba kibanda chake kwa shaba na vioo, vikang'arishwa hadi mtu ajione uso. Injini nyingine hazikutaka kuachwa nyuma. Kabla ya kuondoka, wasafishaji waliipitia injini nzima kwa matambara yaliyochovywa mafuta ya taa na mafuta ya mashine. Ya taa yalitoa masizi, ya mashine yalibaki. Safari baada ya safari, mafuta yakaingia kwenye rangi, joto la boila likayaoka, yakawa ngozi. "Ukisimama Taru asubuhi," alisema, "jua linatoka upande wa bahari, unaona tangi lote linawaka kwa ndani. Nyekundu huioni juu, unaiona chini." Akanionyesha kwa kiganja, akikiinua na kukishusha, chini ya nini sikumwelewa mara moja.

Nilimwelewa kwenye basi. Alichokuwa anakieleza ni koti la mwisho, ambalo halikupakwa na fundi wa rangi yeyote, wala Manchester wala Nairobi. Lilipakwa na vijana wa tambara, kila siku, kwa miaka ishirini na zaidi. Ule uzi wa manjano-kahawia tulioukuta kwenye miduara yetu, niliouita vanishi mbele ya karani naye akauandika vanishi, haukuwa vanishi mtupu.

Nilirudi Nairobi na hoja, na hoja ikaleta ugomvi. Karani alisema sisi tunatafuta rangi ya asili, na ya asili ni ya kiwandani, mwaka ilipotengenezwa. Uchafu uliofuata si rangi. Nikamwambia vizuri, kama ni ya kiwandani basi toa na bomba la moshi. Garratt hizi zilipoletwa zilikuwa na bomba la mviringo la kawaida. Hilo jembamba lililobanwa kwa ubavu, la mtindo wa Giesl wa Austria, lilifungwa baadaye kuongeza mvuto wa moshi na kupunguza mafuta. Huwezi kuwa na bomba la miaka ya baadaye na ngozi ya 1955. Akasema bomba ni mashine, rangi ni urembo. Sardarji, ambaye alikuwa kimya muda wote, akamuuliza kama kilemba cha Kalasinga nacho ni urembo. Chai ya siku hiyo ilinywewa bila mazungumzo.

Kulikuwa na swali jingine lililojificha humo. Kama tunairudisha injini kwenye siku yake, siku gani? Ilitoka Uingereza ikiwa mali ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa. Ikafa ikiwa chini ya shirika la Kenya. Kila siku utakayoichagua, mtu fulani atahisi amefutwa. Fitta wetu wa Kisumu alitaka iandikwe kwa jina la Afrika Mashariki kwa sababu ndilo jina lililomlipa alipooa. Mwanagenzi, aliyezaliwa karibu na Uhuru, hakuona maana ya kuandika jina la shirika lililokufa. Mimi msimamo wangu ulikuwa wazi na sijaubadili: injini irudishwe siku ya mwisho iliyokuwa ikipanguswa kwa mapenzi, si siku ya kwanza iliyotolewa kwenye kreti. Ya kwanza waliijua wachache, huko Manchester. Hii ya pili waliijua watu kuanzia Changamwe hadi Nairobi, kila kituo, kila mama aliyeuza mahindi dirishani.

Sikushinda, wala karani hakushinda. Tulipaka rangi ya bati la katikati, makoti mawili juu ya andakoti ya kijivu, kwa brashi, si kwa mashine ya kupulizia, kwa sababu alama za brashi zilionekana kwenye makoti ya zamani. Mbele, kwenye kikasha cha moshi, nyeusi. Vibao vya shaba vikarudi mahali pake, Mjaluo akizifunga skrubu kwa grisi ili atakayezifungua baada yake asipate taabu. Karani akaandika tarehe. Akaridhika: rangi ya kiwandani.

Jumamosi iliyofuata Sardarji alikuja mapema kuliko wote. Nilipofika nilimkuta na ndoo, mafuta ya taa na mafuta ya mashine, na rundo la matambara. Hakusema kitu. Nikachukua langu. Karani alipoingia getini na chupa yake ya chai tulikuwa tumefika nusu ya tangi la mbele, na upande uliopanguswa na ule ambao bado ulikuwa rangi mbili tofauti, ingawa mkebe ulikuwa mmoja. Alisimama akatazama muda mrefu. Kisha akavua koti lake, akalikunja vizuri kwa vile yeye ni mtu wa vizuri, akaomba tambara. Katika daftari hakuandika chochote kuhusu mafuta. Mtu atakayelisoma siku moja, kama bado lipo, atadhani ile ngozi ilitokana na koti la tatu.

Mwaka ule uliishia kwa Agosti 1982, jaribio la mapinduzi, amri ya kutotoka nje, na Jumamosi zetu zikavunjika. Sardarji alihamia kwa watoto wake ng'ambo. Mimi niliendelea na reli hadi nilipochoka, nikarudi Msambweni, nikaandika vibao tena. Nimeiona reli mpya ya 2017 ikipita juu ya nguzo zake pale nyikani, treni zake safi, hazipanguswi na mtu kwa tambara.

Injini imepakwa tena tangu wakati huo, kama inavyopasa. Chuma kinachokaa nje hakingojei hisia za mpakaji wa kwanza. Mjukuu wangu anasoma Nairobi, na juzi alipita makumbusho akanitumia picha kwa simu. Ilitoka nyekundu ya kufurahisha, ya nguo ya sikukuu. Simu hizi zinatia uekundu wake zenyewe. Nilimwandikia kwamba picha hiyo hainiambii kitu: arudi saa nne asubuhi, asimame upande wa kivuli, ashike karatasi nyeupe kando ya tangi, ndipo apige. Amenijibu kwamba wiki hii ana mitihani, na akauliza karatasi ya nini.